Njia, maji na pesa: zaidi ya miaka 100 ya kutunza mama na mtoto Uvira

Uvira. Asubuhi ya siku ya kupima watoto, mbele ya kituo cha afya chochote cha mji, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, mambo ni yale yale. Wamama wamekaa kwenye benchi, mtoto mgongoni au kwenye titi, fishi ya mtoto imefungwa ndani ya sashe ili isilowe. Muuguzi anaita jina. Mtoto anatundikwa kwenye mzani, analia, uzito unaandikwa. Kati ya wale wamama kuna wenyeji wa Mulongwe na Kimanga, kuna waliokimbia kutoka Kamanyola, Luvungi na Sange, kuna walioshuka kutoka milimani, kuna waliotoka Bukavu na mfuko mmoja tu. Wengine bado wana fishi. Wengine waliiacha nyumbani pamoja na vyote.

Hiyo fishi ni karatasi ndogo, lakini nyuma yake kuna historia ndefu. Kando hii ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, huduma ya mama na mtoto imejengwa, ikavunjwa na vita, ikajengwa tena, zaidi ya mara moja. Na kila mara, waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa sababu njia ilikatika, maji yalikuwa machafu, au pesa ya hospitali haikupatikana.

Daktari wa kwanza alikuja na askari

Kabla ya hospitali, kuzaa kulikuwa kazi ya wanawake wazee. Katika vijiji vya Bavira, Bafuliiru na Babembe, mzalishaji alijulikana na wote, na aliitwa usiku kama mchana. Alijua kumgeuza mama, kumtuliza, kukata kitovu. Mambo mawili yalimshinda: damu isiyokoma na mtoto aliyelala vibaya tumboni. Hapo hakuwa na dawa wala kisu cha upasuaji.

Dawa ya wazungu ilifika kwanza kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa usingizi uliua watu wengi kando ya ziwa, upande wa Wabelgiji na upande wa Burundi, ambako Wajerumani walitawala. Serikali za kikoloni ziliwahamisha watu kutoka ufukweni, zikazuia mwendo wao, zikawapima kwa kuwashika shingo ili kutafuta tezi zilizovimba. Mtu aliyeonekana mgonjwa angeweza kutengwa mbali na jamaa yake. Kwa hiyo mababu wengi walimwona daktari kwanza kama mtu wa serikali anayekuja na amri, na si mtu wa kuponya. Woga huo haukutoka upesi. Hata leo, chanjo mpya ikifika na watu wakauliza maswali mengi, maswali yale yana mizizi ya zamani.

Mnamo 1921 wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira, na baadaye wakapanda kwenda Lemera, katika milima ya Bafuliiru. Wenzao wa Norway walianza kazi Kaziba, upande wa Bushi. Pamoja na kanisa na shule, walitunza wagonjwa, na polepole Lemera ikapata hospitali ambayo watu wa bonde lote la Ruzizi waliitegemea.

Wakati huohuo, katika Kongo yote ya Wabelgiji, ilianza desturi ya kupima watoto wachanga. Wamama waliitwa siku moja ya juma, mtoto akawekwa kwenye mzani, na mara nyingi mama akapewa sabuni au kitambaa ili arudi tena. Wakoloni walikuwa na hesabu yao: kampuni zilihitaji wafanyakazi, na bila watoto wanaoishi wafanyakazi hawangepatikana. Wamama nao walikuwa na hesabu yao: sabuni ilisaidia, na mtoto aliyepimwa mara kwa mara aligunduliwa mapema akianza kukonda. Desturi ile ikabaki, hata baada ya walioileta kuondoka.

Uhuru bila daktari hata mmoja

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku ile nchi nzima haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja aliyemaliza chuo kikuu. Wa kwanza kutoka Lovanium walimaliza mwaka uliofuata. Walikuwepo wauguzi na wasaidizi wa madaktari, watu wenye ujuzi mkubwa ambao sheria ya kikoloni iliwazuia kupanda zaidi. Madaktari Wabelgiji walipoondoka kwa haraka, hospitali nyingi zilibaki mikononi mwa wauguzi hao. Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa nchi nyingine, na likasaidia kuwatuma makumi ya wasaidizi Wakongomani Ufaransa ili warudi wakiwa madaktari kamili.

Kabla mambo hayajatulia, vita ikafika. Mnamo Mei 1964 waasi wa Mulele na Simba waliuteka mji wa Uvira. Mapigano yalienea mpaka Fizi na Baraka, na watu wengi walikimbilia milimani au kuvuka ziwa. Mwaka wa 1965 Che Guevara, ambaye alisomea udaktari kabla ya kushika bunduki, alikaa miezi katika milima ya Fizi na Wakuba wake, na madaktari waliokuwa kati yao walitibu hata wanakijiji. Hiyo yenyewe inaonyesha hali ilivyokuwa: mama wa kijijini alipata daktari pale tu vita ilipomleta.

Zoni ya afya: wazo la kuleta dawa karibu

Badiliko kubwa halikutoka kwenye jengo, lilitoka kwenye wazo. Mwaka wa 1978, kwenye mkutano wa Alma-Ata, nchi za dunia zilikubaliana kwamba afya ianzie karibu na nyumba ya mtu: chanjo, maji safi, chakula bora, uangalizi wa mimba, dawa za kawaida. Zaire ilikuwa kati ya nchi zilizochukua wazo hilo mapema. Katikati ya miaka ya 1980 nchi iligawanywa kuwa zoni za afya 306. Kila zoni ilipaswa kuwa na hospitali kubwa moja na vituo vya afya vilivyoizunguka. Mama angeanzia kituoni, na mambo yakizidi uwezo wa kituo, angetumwa hospitalini.

Ndipo maneno kama CPN na CPS yalipoingia katika Kiswahili cha Uvira. CPN ni ya mama mwenye mimba: kupima damu na presha, kupewa chanjo ya pepopunda, kuangalia jinsi mtoto alivyolala. CPS ni ya mtoto mpaka afikishe miaka 5: uzito, chanjo, vitamini A. Pamoja na wauguzi walikuja wale wanaoitwa reko, wanawake na wanaume wa kartie wanaopita nyumba kwa nyumba bila mshahara wa serikali, wakimkumbusha mama tarehe yake. Zoni ziliongezeka baadaye na kupita 500 nchini. Wilaya ya Uvira peke yake leo ina zaidi ya moja, kwani bonde na milima haviwezi kuangaliwa kutoka mahali pamoja.

Mpango huu uliokoa watoto wengi, lakini ulikuwa na tundu moja. Serikali ya Zaire ilizidi kukosa pesa, au kuzitumia pengine. Mishahara ya wauguzi ikakauka. Mwaka wa 1987 nchi za Afrika zilikutana Bamako na kukubali kwamba wagonjwa wachangie gharama ya dawa ili kituo kisikwame. Kwa nchi ambayo serikali bado inatoa sehemu yake, huo ni mchango. Pale ambapo serikali haitoi kitu, mgonjwa ndiye anabeba kituo chote mgongoni.

Lemera, 6 Oktoba 1996

Kati ya waliofanya kazi Lemera alikuwa kijana wa Bukavu, Denis Mukwege, mtoto wa pasta, aliyemaliza udaktari Bujumbura mwaka wa 1983. Alikuwa amefikiri kuwa muganga wa watoto. Lemera ilimbadilisha. Aliwaona wamama wakifika kwa kipoyi, wamebebwa na wanaume kwa saa nyingi au kwa siku nzima juu ya milima, wengine wamekwisha kupoteza damu yote, wengine na mtoto aliyefia tumboni. Walikufa si kwa ugonjwa mgumu, bali kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha akarudi Lemera, ingawa angeweza kubaki kule.

Tarehe 6 Oktoba 1996, wenye silaha waliingia hospitali ya Lemera. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wauguzi waliuawa pia. Zaidi ya watu 30 walikufa hospitalini na kijijini siku ile. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka wa 2010 inaliweka tukio hilo kati ya maovu ya vita ile. Mukwege hakuwepo siku hiyo. Kabla mwezi haujaisha, mji wa Uvira nao ulikuwa umetekwa, na vita ikaelekea Bukavu, Goma, na mwishowe Kinshasa.

Mwaka wa 1999, vita ya pili ikiwa imekwisha kuanza, Mukwege alianza hospitali ya Panzi, Bukavu, chini ya kanisa la CEPAC na kwa msaada wa Wapentekoste wa Sweden. Nia ilikuwa ileile ya Lemera: mama azae salama. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kuumizwa kwa silaha. Ndivyo Panzi ilivyojulikana duniani, na ndivyo Mukwege alivyopata tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2018. Wengi wanaijua sehemu hiyo ya habari. Wachache wanakumbuka kwamba mwanzo wake ni mama wa milima ya Uvira aliyefika kwa kipoyi akiwa amechelewa.

Vita na hesabu ya watoto

Miaka ile ya 1990 bonde la Ruzizi lilijaa watu. Baada ya raisi Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi wengi walivuka mto. Mwaka wa 1994 wakaja Wanyarwanda. Ilipofika 1996, kambi za eneo la Uvira zilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000. Vituo vya afya vilivyopangwa kwa wenyeji vikapokea watu maradufu. Kisha kambi zikavunjwa kwa vita, na wenyeji wenyewe wakawa wakimbizi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kikasimama, na pamoja nacho mishahara iliyolipa madaftari ya shule na dawa za watoto.

Mwaka wa 2008 shirika la IRC lilitangaza utafiti uliokadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa Kongo kati ya 1998 na 2007 zaidi ya wale ambao wangekufa nyakati za kawaida. Wataalamu wengine wamebishana juu ya hesabu hiyo. Lakini jambo moja katika utafiti ule kila mama wa Uvira angeweza kulithibitisha: wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, kifua, njaa na uzazi. Watoto wachini ya miaka 5 walikuwa karibu nusu ya vifo vyote, ingawa hawakufika hata robo ya wananchi.

Maji ya Mulongwe

Kolera iliingia mashariki mwa Kongo kwa kando ya Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1970, na haikuondoka tena. Uvira ni kati ya miji inayoiona karibu kila mwaka. Mji uko kati ya mlima na ziwa. Maji ya REGIDESO yanatoka mto Mulongwe, na yanapokatika, watu wanashuka na bidoni zao ziwani au mtoni, mahali ambapo watu wanaoga na kufua.

Hilo lilipimwa. Watafiti walilinganisha siku za kukatika kwa maji ya REGIDESO kutoka 2009 mpaka 2014 na daftari la wagonjwa wa kituo cha kolera cha Uvira. Baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa walioingizwa katika siku 12 zilizofuata walizidi mara mbili na nusu kuliko baada ya siku ya maji ya kutosha. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne aliingia kwa sababu maji yalikosekana. Kwa maneno mengine, fundi wa bomba naye ni muganga wa watoto.

Kazi ya kupanua mtandao wa maji ilianza, kwa msaada wa Ufaransa, Umoja wa Ulaya na wengine. Katikati ya Aprili 2020 mvua kubwa ikanyesha. Mulongwe ilifurika, ikaua makumi ya watu, ikabeba maelfu ya nyumba, na ikaharibu hata mitambo ya maji. Mwaka huohuo chanjo ya kolera ya kunywa ilitolewa mjini. Ilisaidia, lakini chanjo hiyo huwalinda watu wazima kuliko watoto wachini ya miaka 5. Kwa hao wadogo, maji safi bado ndiyo chanjo ya kwanza.

Dawa ya kwanza nayo ilizaliwa kambini. Mwaka wa 1971, wakati watu wa Bangladesh walipokimbilia India, kolera iliua karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 katika kambi moja, na serumu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya maji, sukari na chumvi, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka chini ya 4 kwa 100. Waliowanywesha walikuwa wamama, wababa na ndugu waliokimbia vita, si wauguzi. Kipimo kinachotumika nyumbani pasipo paketi ni kilekile popote: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anywe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya, huku anapelekwa kituoni.

Fakture

Njia na maji vinaonekana. Pesa inaficha sura yake. Utafiti wa taifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika Kongo wamama 846 walikufa kwa ajili ya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na kwamba watoto 104 kati ya 1,000 hawakufikisha miaka 5. Sehemu ya vifo hivyo ilianzia nyumbani, kwenye mazungumzo ya usiku: twende, au tungoje kesho, kwani tutalipa na nini? Katika hospitali nyingi za nchi, mama aliyekwisha kuzaa amezuiliwa kuondoka na mtoto wake mpaka jamaa walipe fakture. Aliyeona jirani akizuiliwa hivyo atafikiri mara mbili mimba yake ikifika.

Septemba 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzaa bure, kwa ahadi ya kuufikisha hatua kwa hatua katika majimbo mengine. Kwenye karatasi ni jambo kubwa kuliko jengo lolote lililotajwa hapa. Swali ni lile la Bamako: kama serikali hailipi kituo kwa wakati, muuguzi atakula nini? Hapo pesa hurudi kuombwa kwa mlango wa nyuma.

Fishi ndani ya sashe

Mwaka wa 2024 mpox ilienea Kivu Kusini, na Uvira watoto walikuwa wengi kati ya wagonjwa. Ugonjwa huo si mgeni. Mtu wa kwanza duniani kujulikana kuwa nao alikuwa mtoto wa miezi 9 wa jimbo la Équateur, mwaka wa 1970, nchini humuhumu. Chanjo ya ndui, iliyokuwa inakinga dhidi yake, iliachwa ndui ilipokwisha; kwa hiyo kizazi cha leo hakina kinga ile ya mababu.

Kisha vita tena. Baada ya Bukavu kuchukuliwa Februari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na familia nyingi zilifika mjini au kuvuka kwenda Burundi. Desemba mapigano yalifika Uvira kwenyewe, na wenyeji waliokuwa wamewapokea wengine wakabeba mizigo yao.

Kwa wale waliobeba na wale waliorudi, historia hii inaacha mambo machache ya kushika. Mtoto aliyekosa chanjo kwa sababu ya kukimbia haanzi upya: anaendelea pale alipoishia, hata kama miezi imepita. Fishi ikipotea, mama aseme anachokumbuka, muuguzi aandike mpya. Mama mwenye mimba akiona damu, kichwa kikimuuma sana na macho kuona giza, akipata degedege, homa kali, au maji yakitoka kabla ya uchungu, asingoje asubuhi. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea bila kuamka vizuri, ni wa kupelekwa sasa hivi.

Wanaume wa Lemera walijua hayo walipoinua kipoyi. Walitembea siku nzima kwa sababu kituo kilikuwa mbali. Leo, kwa walio wengi mjini, kituo kiko mwisho wa kartie. Kinachobaki ni kufika mapema, na wenye mamlaka, wawe nani, kuacha njia wazi, maji yakitoka, na mlango wa materinite bila mtu wa kudai pesa mbele yake.